Recheli Mahona, Mkaguzi Aliyeogopa kwa Niaba Yetu

Wasikilizaji wapendwa, mlio Tabora mjini, Isikizya, Nzega na Igunga, na ninyi mlio shambani na redio mmeitundika kwenye mpini wa jembe, habari za saa hizi. Mimi ni Kornel Ngollo. Naomba mpunguze kazi kidogo, msogee karibu. Leo namzungumzia mtu mmoja tu.

Jina lake ni Recheli Zablon Mahona. Alikuwa mkaguzi wa majengo hapa Tabora. Narudia, mkaguzi wa majengo. Amefariki dunia wiki iliyopita, na Jumamosi tumemzika kwao, Igalula. Wengi mlimjua kama Mama Bomoa. Jina hilo hakulipenda, ila aliliitikia.

Nilipokwenda kuomba ruhusa ya kipindi hiki, mume wake, Mzee Gerson, alinikaribisha, akanipa kiti, akaniambia: "Kornel, ukisema mke wangu alikuwa jasiri utakuwa umedanganya. Alikuwa mwoga. Alikuwa anaogopa kila siku ya Mungu. Sema hivyo hivyo."

Basi nasema hivyo hivyo. Recheli aliogopa.

Uoga huo ulianzia Igalula. Baba yake, marehemu Zablon, alilima tumbaku. Wenyeji mnajua bani la kukaushia tumbaku linavyokuwa: refu, la tofali za udongo, halina dirisha. Siku moja mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Recheli, mtoto mdogo bado, alikuwa ndani ya bani na bibi yake, wanapanga majani. Akaona vumbi linashuka ukutani, laini, kama unga unaochekechwa. Hakuelewa. Alitoka nje kumwita kaka yake Anton aje kuona. Nyuma yake ukuta ukashuka.

Kaka yake, Anton, ndiye aliyenisimulia. "Tulichimba kwa mikono," alisema. "Bibi tulimtoa hai, lakini hakutembea tena. Na Recheli, tangu siku ile, akiingia nyumba ya mtu anatazama ukuta kwanza, ndipo anasalimia. Mama alikuwa anamkemea. Anamwambia, mwanangu, msalimie mwenye nyumba, siyo nyumba."

Alisoma, akasomea ujenzi, akarudi Tabora kufanya kazi ya ukaguzi. Mkaguzi wa majengo. Wasikilizaji wapendwa, wengi wetu hatuijui kazi hii. Tunaiona tu ile alama nyekundu ya kubomoa ukutani. Recheli alizunguka na pikipiki, na kijinyundo kidogo mfukoni. Anagonga nguzo, anasikiliza. Zege zuri lina mlio wake na zege bovu lina mlio wake. Akifika, geti linafungwa. Akiita, anaambiwa mwenye nyumba amesafiri. Akirudi kesho anakuta nguzo aliyotaka kuiona imeshapigwa plasta, imepakwa na rangi. Ijumaa jioni anasimamisha ujenzi. Jumatatu anakuta ukuta umepanda, kwa sababu mafundi walifanya kazi Jumapili, wakati yeye yuko kanisani na kwaya ya Moravian.

Hayo alikuwa ameyazoea. Aliyoshindwa kuyazoea ni vitisho. Simu zilipigwa, mtu hasemi, anahema tu. Mbwa walifunguliwa akiwa katikati ya uwanja. Na asubuhi moja alitoka nje kufagia, akakuta nyumba yake mwenyewe imepigwa alama ya X, kubwa, nyekundu, pale pembeni mwa mlango. Rangi ile ile anayoitumia yeye.

Mzee Gerson anasema mke wake hakupiga kelele. Aliuweka ufagio chini, akaingia ndani, akajifungia chooni. "Nilimgongea sana," anasema Mzee Gerson. "Nikamwambia acha kazi hii, turudi Igalula tulime karanga. Akanijibu kwa ndani: na wale watu walio chini ya yale mapaa nimwachie nani?"

Alipotoka alinawa uso, akapanda pikipiki. Lakini kuanzia siku ile hakupita njia moja kwenda na kurudi.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nafika Ng'ambo, hapa hapa mjini. Wenye watoto wadogo karibu na redio, mnaweza kuwatuma dukani.

Ng'ambo kulikuwa na jengo la Mzee Nassibu. Chini kulikuwa na maduka. Juu kulikuwa na darasa la ushonaji la Mwalimu Benedikta, limejaa wasichana na vyerehani. Nassibu hakuwa mtu mkatili. Misibani alikuwa anafika mapema kuliko ndugu wa marehemu. Lakini aliamua kuongeza ghorofa nyingine juu ya ile iliyokuwapo, na nguzo za chini zilijengwa kubeba ghorofa moja tu. Narudia, ghorofa moja tu. Recheli alimsimamisha. Nassibu alikubali kwa adabu zote, akamletea soda. Kisha alama nyekundu ikafutwa na ujenzi ukaendelea siku za mapumziko. Recheli aliandika tena, akafuatilia tena. Amri ya kubomoa ina njia yake, nayo ni ndefu.

Ilikuwa masika. Recheli alipita kwa Benedikta kuchukua gauni lake. Benedikta anayakumbuka mazungumzo yao kama ya jana.

"Shikamoo dada. Samahani, sukuma kwa nguvu, mlango wangu siku hizi unagoma. Hii mvua imeuvimbisha."

Recheli aliushika mlango. Akaugusa fremu yake. Akauliza polepole: "Benedikta, mlango huu si wa chuma?"

"Wa chuma, dada."

"Chuma hakivimbi kwa mvua."

Kilichojipinda ni jengo. Recheli alishuka ngazi, akazunguka nyuma ya duka la vyombo, akaiona nguzo. Ufa ulikuwa umeipasua kutoka juu hadi karibu na sakafu. Na kwenye ufa ule vumbi lilikuwa linashuka, laini, kama unga. Alikuwa amewahi kuliona vumbi la namna hiyo.

Aliwapigia simu wenzake. Walikuwa kwenye ukaguzi vijijini, wakasema wanakuja, lakini barabara imejaa maji. Akapanda tena juu. Akawaambia wasichana watoke. Wakacheka. Mmoja akasema, Mama Bomoa kaja kutubomolea na vyerehani. Walikuwa na sare za shule za kumaliza. Akawatajia sheria. Wakaendelea kushona.

Alipiga magoti sakafuni, mkaguzi wa majengo, mtu mzima, mbele ya wasichana wale, akaanza kulia. Akasema: "Wanangu, sina nguvu za kuwatoa. Ninaogopa. Naogopa kukaa humu hata kidogo, na siwezi kutoka nikawaacha. Nionee huruma mimi, Benedikta. Tutoke."

Vyerehani vikanyamaza.

Mwalimu Benedikta aliniambia hivi: "Habari za nguzo sikuziamini. Niliuamini ule uoga. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni na meno yanagongana. Mtu haigizi vile. Nikawaambia wasichana, haya, jamani, tumtoe mama huyu nje kwanza."

Walidhani wanamtoa yeye. Wakatoka wote. Walipopita, wenye maduka nao wakatoka kutazama kuna nini, na Recheli akawazuia kurudi ndani. Umati ukajaa. Watu wakamtukana. Wengine walililia biashara yao, wengine walichukua picha.

Mzee Nassibu akafika. Alikuwa amekasirika, na zaidi ya hasira aliona aibu mbele za watu. Akamwita fundi wake, Doto, mtu wa Igunga, baba wa watoto. Akamwambia aingie auzibe ule ufa, watu waone ni jambo dogo. Doto akachukua mwiko na karai la saruji, akaingia.

Recheli alikimbilia mlangoni. Akaita: "Doto! Toka! Doto, baba, toka!"

Doto akajibu kutoka ndani, kwa upole kabisa: "Napiga plasta tu, mama. Natoka sasa hivi."

"Doto! Acha! Toka!"

Aliita tena na tena. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshaingia kizingitini. Mguu wa pili ukakataa. Recheli mwenyewe alimwambia mume wake baadaye: nilitaka niingie nimvute shati, Gerson, lakini mwili wangu ulikataa.

Benedikta alimshika kiuno, akamvuta nyuma. Jengo likashuka.

Waliokuwapo wanasema mshindo wa jengo ulisikika hadi stesheni. Vumbi likafunika mtaa mzima, mtu haoni mkono wake. Halafu watu wakaanza kuitana majina ndani ya lile vumbi, mama anamwita binti, mwenye duka anamwita mwenzake. Wasichana wa ushonaji waliitika wote. Wenye maduka waliitika wote. Doto hakuitika.

Wasikilizaji wapendwa, nimelisoma tukio hili hapa studio mara kadhaa kabla ya kuja hewani, na bado nimelazimika kuiweka karatasi chini kidogo. Tuendelee.

Nassibu alifikishwa mahakamani, akahukumiwa, na anatumikia kifungo chake. Recheli alipongezwa. Alialikwa kwenye vikao, watu wakampigia makofi. Naye kila akisikia makofi alikuwa anainamisha kichwa. Nyumbani alilala na mlango wazi, mvua inaingia. Kikombe kikitikisika mezani, anashika ukuta. Lakini kazi hakuiacha. Alikwenda kwenye majengo akitetemeka, akagonga nguzo akitetemeka, akaandika akitetemeka. Miaka ikapita hivyo.

Na kulikuwa na hofu moja iliyozidi zote. Alimwogopa mama yake Doto. Hakuwa amewahi kumwona. Alijua tu kwamba anaitwa Suzana na anaishi Igunga. Mazishi ya Doto hakuyahudhuria. Mzee Gerson anasema kuna siku aliondoka na kanga mpya na sukari, ameamua kwenda kumpa pole. Alifika stendi ya Igunga, akashuka, akasimama pale na mfuko wake. Kisha akapanda basi la kurudi Tabora. Akamwambia mume wake: "Akiniuliza kwa nini sikuingia kumtoa mwanawe, nitamjibu nini?"

Hakwenda tena. Wiki iliyopita, Recheli Zablon Mahona, mkaguzi wa majengo, alipata kiharusi akiwa nyumbani kwake. Hakuamka.

Jumamosi nilikuwapo Igalula. Kwaya ilikuwa imemaliza kuimba, watu wanajiandaa kuaga. Akaingia mwanamke mzee, amejifunga kanga mbili, amesindikizwa na mjukuu wake. Akapita katikati ya waombolezaji mpaka mbele. Akasema: "Mimi ni Suzana wa Igunga. Mama yake Doto."

Anton, kaka wa marehemu, alisogea karibu na jeneza kama mtu anayetaka kulikinga. Mzee Gerson alisimama. Sote tuliogopa atakachosema.

Mzee Gerson akasema: "Shikamoo dada. Mke wangu alitaka kuja kwako. Alishindwa. Alikuwa anakuogopa."

Suzana akamtazama. "Marahaba. Ananiogopa mimi?"

"Ndiyo. Kwa sababu hakuingia kumtoa."

Mama yule akalitazama jeneza. Kisha akasema, na maneno yake nayanukuu kama nilivyoyasikia: "Mbona hamkuniambia? Ningekuja mwenyewe, hata kwa miguu. Waliokuwapo siku ile walinieleza. Waliniambia kuna mama alisimama mlangoni anamwita mwanangu, anamwita baba, anaita mpaka sauti inakatika. Miaka yote hii namuuliza kila mtu wa Tabora, ni nani yule aliyekuwa anamwita Doto wangu? Mimi sikuwapo. Yeye alimwita kwa niaba yangu. Na angeingia, leo mngekuwa na makaburi mawili ya siku moja. Juzi ndipo nikaambiwa ni huyu, na kwamba amefariki; nimekuja nimwone uso."

Jeneza likafunguliwa. Suzana aliinama, akamwekea kiganja shavuni, akamsalimia kwa lugha ya kwao, kama unavyomwamkia mama wa jirani asubuhi: "Mwangaluka, mayu." Akakaa hapo hapo chini, karibu naye, mpaka wakati wa kwenda makaburini. Hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke.

Mzee Gerson, Anton, watoto na ukoo wote wa Mahona, poleni sana. Mama Suzana, popote unaposikiliza, pole, na asante kwa kuja. Wakaguzi wenzake Recheli, mnaofungiwa mageti na kufunguliwa mbwa, tunawapa pole na ninyi, maana kesho asubuhi mnatoka tena.

Nawaomba jambo la kutafakari. Yupo mtu ambaye tunakwepa kumwendea kwa kuogopa atakachotuuliza. Pengine naye anatutafuta. Recheli aliishia stendi. Sisi tuliobaki bado tuna nauli na miguu.

Na wewe mwenye jengo, wewe fundi, wewe uliyepanga chumba cha juu kwa mtu usiyemjua vizuri: aliyekuwa anaogopa kwa niaba yetu amelala Igalula. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Urambo, na watu wa hali ya hewa wametangaza mvua nyingi. Mwaka huu, wapendwa wangu, naomba tuogope wenyewe.