Maisha ya Mzee wa Wiketi, Aliyekataza Watu Kuhama Viti

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee wa Wiketi, kwa vile vijiti vitatu vya kriketi, alizaliwa tarehe 3 Mei 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa nne wa karani wa stesheni. Alianza shule ya msingi mwaka 1968, kisha akajiunga na shule ya ufundi, alikohitimu utengenezaji wa makochi mwaka 1980. Baba yake alikuwa na redio moja na timu moja, West Indies ya kriketi, ya visiwa vya Karibiani, ambayo enzi hizo ilikuwa haishikiki. Marehemu alirithi vyote viwili. Redio ilikufa mapema.

Kuanzia mwaka 1984 alifanya kazi katika karakana yake nyuma ya soko. Alikuwa fundi mwenye maneno. Mteja akilalamika kwamba kochi limebonyea, alijibiwa, "Halijabonyea, mzee wangu. Limekuzoea tu." Aliyeingia kuulizia kitambaa alitoka amepewa habari za fomu ya timu ya Australia, ya India na ya New Zealand, atake asitake. Akiulizwa West Indies wanaendeleaje, alishika nyundo na kusema, "Hao niachieni mwenyewe."

Tarehe 12 Disemba 1987 alifunga ndoa na mshonaji wa mapazia, wakajaliwa watoto watatu. Nyumba yao ilikuwa na sheria moja: West Indies wakianza kupiga vizuri, hakuna kuhama kiti. Mwenye kiu avumilie. Siku moja mkewe, Mama wa nyumba hiyo, aliinuka kuepua sufuria iliyokuwa inaungua, na papo hapo mpigaji akatolewa. Wiki nzima marehemu alimwita Mrushaji wa Australia, kana kwamba ndiye aliyemtoa. Mama alicheka, lakini tangu siku hiyo alikaa.

Timu ilivyozidi kuporomoka, ndivyo walivyozidi kukaa. Walikaa hadi miguu ikafa ganzi, na wapigaji wakaendelea kutolewa mmoja baada ya mwingine. Inauma kumpenda mtu aliye mbali, unamwona anaanguka, na huna la kumfanyia.

Agosti 2025 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo, na tarehe 10 Novemba akalazwa. Jumatatu ya tarehe 17 alipata nafuu. Alikunywa uji kikombe kizima, akamtazama mkewe aliyekuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha.

"Mama Watoto, usihame hapo."

Hakuna aliyejua kama anatania. Mama hakuhama. Alikula hapo, akasinzia hapo, na binti zake walipokuja kumpokea zamu aliwafukuza. Jumatano ya tarehe 19, saa tatu na nusu asubuhi, muuguzi alimwomba apishe kidogo abadilishe dripu. "Dakika mbili tu, mama." Akatoka, akasimama koridoni. Alipoitwa ndani, mumewe alikuwa ameshafariki.

Tangu hapo neno lake ni moja: "Nilihama." Daktari amemweleza kwamba moyo ulikuwa umechoka. Shemeji wamembembeleza. Wanawe wamelia naye, na yeye bado anasema alihama.

Juzi, wakitafuta picha ya kuweka kwenye ratiba hii ya mazishi, wanawe walifungua daftari la marehemu la mechi. Kila mechi aliandika nani aliinuka. Tarehe 28 Januari 2024, West Indies walipoishinda Australia kwa mikimbio minane, aliandika: "Maji yametoka baada ya siku nne. Nyumba nzima mbio na ndoo. Tumeshinda!" Tarehe 14 Julai 2025, walipotolewa wote kwa mikimbio ishirini na saba tu, aliandika: "Hakuna aliyehama." Chini yake, kwa herufi ndogo: "Najua siku nyingi kwamba viti havisaidii. Nisipowakataza kuinuka, Mama Watoto atarudi kwenye mapazia yake, nami napenda akikaa karibu."

Marehemu ameacha mke, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, na makochi katika karibu kila nyumba ya mtaa huu. Mungu amjalie pumziko la amani.

Mama, umesikia kwa maneno yake mwenyewe. Tunaomba uinuke sasa, twende tukamzike.