Nani Kamchoma Kocha Pruett

Benchi lile liko nje ya duka la vifaa vya shamba, upande ambao upepo wa Dakota hauna cha kuuzuia isipokuwa lundo la magunia ya chumvi ya ng'ombe. Kila asubuhi wazee wanne hukaa hapo na kahawa ya bure ya dukani, nyepesi kama maji ya kuoshea sufuria. Dizeli alikuwa fundi wa matrekta. Seneta hajawahi kuwa seneta. Aligombea bodi ya shule mara moja, akaangushwa, jina likabaki. Kidole aliacha vidole viwili ndani ya mashine ya kuvunia mahindi. Wa nne ni Verlyn Haugland, msimamizi mstaafu wa ghala la nafaka, ambaye wenzake humwita Kimya. Jumanne hiyo Kimya alichelewa, akakaa pembeni kabisa, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Bintiye, Britta, alikuwa kocha msaidizi wa riadha pale chuoni, na mji mzima ulikuwa na habari moja tu mdomoni: jana chuo kilimsimamisha kazi kocha mkuu, Pruett.

— Pruett katuletea vikombe tangu tuna nywele, alisema Dizeli. Leo mtu anapeleka maneno ofisini kwa siri, mzee wa watu anaambiwa arudishe funguo. Mimi nataka kujua nani kamchoma.

— Lakini yule binti mkimbiaji kavunjika mguu, Dizeli, alisema Kidole. Jumamosi nilikuwepo. Kona ya mwisho ya mita mia nane. Ule mlio niliusikia nikiwa nimekaa juu kabisa.

— Wakimbiaji huvunjika.

— Wanasema alikuwa analia maumivu siku nyingi, na Pruett akawa anamwambia akimbie tu.

— Wanasema. Nani anasema? Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Kocha hakuchelea.

— Sasa mbona ndiye anayelia?

Seneta akakohoa, kama kawaida yake anapotaka kuhutubia.

— Nyinyi mnatazama mguu. Tazameni ramani. Wale wa chuo cha ng'ambo ya mto wameshindwa na Pruett kila msimu. Mtu hawezi kumshinda adui uwanjani, anampandikizia mtu wake ndani. Huyu aliyepeleka maneno ametumwa.

— Na chuo chetu kinafaidika nini kumfukuza? aliuliza Kidole.

— Swali zuri, alisema Seneta.

— Nalijibu mwenyewe, alisema Kidole. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa ni huo wa mguu. Ukuta ni maghorofa. Wanautaka uwanja wa riadha wajenge vyumba vya wanafunzi. Wamengoja mtu avunjike wapate sababu.

— Sasa umeona mbali, alisema Seneta.

— Hamjaona kitu, alisema Dizeli. Hakuna maghorofa wala ng'ambo ya mto. Ni yule kijana wa barafu na bandeji, Desmond. Ndiye aliyekuwa anamkanda yule binti kila siku. Nani mwingine angejua habari za mfupa? Na watu wameshajua. Jana usiku kapasuliwa tairi zote nne.

Verlyn akageuka kwa mara ya kwanza.

— Nani kapasua?

— Nitajuaje? Watu wenye uchungu.

— Mkewe ana mimba kubwa.

— Basi angefikiria hilo kabla ya kufungua mdomo.

Verlyn akarudisha macho kwenye kikombe. Jana jioni Britta alikuja kwake, akavigeuzageuza viazi viwili kwenye sahani bila kuvionja, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Baba, ni mimi. Nimekwenda kwa mkuu wa chuo, nimesema yote. Usimwambie mtu mpaka kikao cha uchunguzi cha Alhamisi." Verlyn alimshika bega, akasema vema, akaondoa sahani. Hakulala.

Alikuwa anaijua njia aliyopita bintiye mpaka kufika hapo. Baada ya masomo alikwenda Tennessee kufundisha kurusha mkuki bila mshahara, akilala kwenye kochi la rafiki. Kisha Ohio, ambako kocha mkuu alifukuzwa na wasaidizi wote wakafagiliwa naye. Kisha akarudi nyumbani kwa Pruett. Msaidizi ndiye anayepanga viunzi na kuviondoa, anayekoroga mchanga wa kurukia, anayesukuma theluji na koleo mwezi wa tatu ili wengine wapate pa kukimbilia, anayeendesha basi dogo wanariadha wakiwa wamelala nyuma. Ndiye anayezunguka majimbo akitafuta vipaji, akikaa jikoni kwa wazazi wao. Na jina linalopigiwa makofi ni la kocha mkuu. Mwaka ujao Pruett angestaafu, na kiti kilikuwa cha Britta. Pruett mwenyewe alikitangaza kwenye karamu ya Krismasi. Sasa hakuna kocha mkuu katika nchi nzima atakayemchukua msaidizi aliyemsema bosi wake. Hayo bintiye aliyajua alipopanda ngazi za mkuu wa chuo.

— Kuna mwingine, alisema Seneta taratibu, akiangalia barabara. Naomba radhi kwa mtu yeyote aliyekaa hapa. Lakini ukitaka kujua nani kaua simba, tazama nani kavaa ngozi. Pruett akiondoka leo, nani anakaa kwenye kiti chake kesho?

Kidole akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

— Sema jina, alisema Verlyn.

— Sijasema jina, ndugu yangu.

— Ndiyo nakwambia sema.

— Kimya, acha, alisema Dizeli. Britta hawezi. Pruett kamlea. Mimi nawaambia ni Desmond, na kama ana akili atahama kabla tairi hazijawa madirisha.

Mlango wa duka ukafunguliwa. Akatoka mwanamke mfupi wa makamo, amebeba maboksi yaliyokunjwa na utepe wa gundi, akasimama akitafuta funguo za gari mfukoni. Gari lilikuwa na namba za Wyoming, limejaa vumbi mpaka kwenye kioo. Wazee hawakumjali, wateja huingia na kutoka.

Verlyn aliweka kikombe chini. Aliahidi, na hajawahi kuvunja ahadi kwa mtoto wake. Lakini akilini aliona tairi zile, na mke wa Desmond amesimama mlangoni na tumbo lake.

— Si Desmond, alisema.

— Umejuaje?

— Ni Britta. Britta ndiye aliyekwenda kwa mkuu wa chuo. Hakutumwa na mtu, wala hataki kiti. Hicho kiti ameshakipoteza na anajua. Ameona mtoto wa watu anavunjwa, akasema. Kwa hiyo mwenye kisu na aje kwenye tairi zangu. Gari ni lile la bluu, mnalijua.

Dizeli alisimama, akakaa tena. Uso ulikuwa umemwiva.

— Pruett alimpa kazi wakati hakuna aliyemtaka.

— Alimpa.

— Na wewe unalisema hilo huku umetulia hivyo.

— Sijatulia, Dizeli. Naona fahari, na naogopa. Vyote pamoja.

— Samahanini, alisema yule mwanamke.

Wote wakageuka. Alikuwa ameweka maboksi juu ya magunia ya chumvi.

— Huyo Britta mnayemtaja. Ndiye kocha msaidizi? Mrefu, ana nywele fupi?

— Ndiye, alisema Verlyn. Ni binti yangu.

— Mimi naitwa Teodora Archuleta. Inez ni wangu. Huyo aliyevunjika.

Kidole alivua kofia. Wengine wakafuata, wasijue wazishike wapi.

— Nimeendesha gari usiku kucha, aliendelea Teodora. Amefanyiwa upasuaji, yuko macho. Nimekuja kufungasha vitu vyake. Sikuja kugombana na mtu. Lakini Britta alikaa jikoni kwangu. Alikula mchuzi wangu wa pilipili, akaongeza. Nilitaka Inez asome karibu na nyumbani, yeye akaniambia, mama, nipe mimi, nitamtazama kama wangu. Nikampa. Sasa nasikia unasema ameona, akasema. Namshukuru kwa kusema. Nataka kujua kitu kimoja tu. Aliona tangu lini?

Seneta, mwenye neno kwa kila jambo, alikuwa anatazama viatu vyake. Dizeli alimtazama Verlyn, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuwa na hasira.

Jana Britta alimwambia kwamba amesema yote, na Verlyn alisikia "ni mimi" tu, fahari ikamjaa, akaondoa sahani. Viazi viwili vilivyobaki vizima aliviona akavimwaga.

— Sijui, mama, alisema.

— Hukumuuliza?

— Sikumuuliza.

Teodora alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyejibiwa nusu. Hakulia. Alikuwa amechoka kupita hapo.

Verlyn akainuka, goti lilimsumbua, akashika mgongo wa benchi. Akayachukua yale maboksi juu ya chumvi, akayaweka chini ya kwapa.

— Anakaa mtaa wa pili, nyumba yenye ngazi za mbao, alisema. Yuko nyumbani, wamemwambia asije kazini mpaka Alhamisi. Twende ukamuulize mwenyewe.

— Hatakasirika ukinipeleka?

— Atakasirika. Twende tu. Na mimi nataka kusikia.

Wakavuka barabara, yeye akichechemea, mwanamke akipunguza mwendo amngoje.