Foleni, Ndugu Yetu Aliyebaki Ng'ambo ya Daraja

Ndugu, jamaa na majirani mliokaa hapa tangu juzi mkingojea gari lisilofika, wenzake marehemu wa forodha, na nyinyi madereva mlioacha malori yenu barabarani mkaja na vumbi lenu, karatasi hii nimepewa niisome mimi dada yake mkubwa kwa sababu wengine wote katika familia wakifika mstari wa pili wanalia, na msomaji anayelia hasikiki, basi naomba mtulie, na yule mwenye simu inayoimba aizime.

Marehemu mdogo wangu, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Foleni, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966, katika chumba cha nyuma cha nyumba hiihii mnayoiona, akiwa mtoto wa tano na wa mwisho wa baba yetu aliyekuwa fundi cherehani na mama yetu aliyekuwa muuza vitunguu, alitanguliza miguu, mkunga akasema huyu hana haraka na dunia, na kweli hakuwa na haraka na chochote mpaka alipoajiriwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1974, hiyo iliyo kando ya barabara iendayo mpakani, akamaliza mwaka 1980, na tangu utoto alikuwa mtu wa kupanga watu, akitumwa maji bombani anaanza kwa kupanga ndoo za wenzake, hii ya kwanza, hii ya pili, mama mjamzito apite mbele, wakubwa wakasema mtoto ana akili, wenzake wakasema ana kiherehere, na mimi, ingawa nilikuwa nimeshaolewa, nilikubaliana na wenzake. Sekondari alisoma kuanzia 1981 hadi 1984, akaenda chuo cha forodha mwaka 1986, akarudi mwaka uliofuata na cheti kizuri na kofia iliyomzidi kichwa.

Tarehe 2 Mei 1988 aliajiriwa kuwa karani wa forodha kwenye kituo chetu hapo darajani, na kwa ajili ya wale waliozaliwa juzi lazima nieleze mambo yalivyokuwa, kwamba lori likifika upande wetu lilishushwa mzigo wote, ukahesabiwa, ukapakiwa, likavuka daraja, na likifika upande wa wenzetu likashushwa mzigo uleule, ukahesabiwa upya, kana kwamba magunia yamezaana darajani, na madereva walilala barabarani mpaka mbwa wa mtaa huu wakawazoea, dereva mmoja alioa hapahapa, amekaa pale nyuma, asijifanye hasikii. Mama yetu naye alikuwa akipeleka vitunguu ng'ambo, na safari moja magunia yake yalizuiliwa upande wa pili mpaka vitunguu vikachipua majani, akarudi navyo nyumbani vikiwa vya kijani, akavitazama, akasema, "Haya, nimelima," akaingia ndani na hakutoka mpaka kesho yake, na mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na sare yake mpya.

Tangu hapo kila asubuhi alitembea foleni nzima kwa miguu, akimuuliza kila dereva amefika lini na amebeba nini, ndipo walipompa jina lile, na katika kutembea huko akakutana na ofisa wa forodha wa upande wa pili, mwenye umri kama wake, kimo kama chake, hata mwanya uleule, ambaye madereva walimwita Pacha. Walianza kwa ugomvi, lilikuja lori la vioo vya madirisha, huyu anasema lishushwe kwake, yule anasema kwake pia, na kila mara vioo vikishushwa vinavyopanda ni vichache, mwenye mali akakaa chini barabarani akashika kichwa, basi wale wawili wakatazamana, wakakubaliana vishushwe mara moja tu na wao wote wawili wawepo, na kwa jambo hilo kila mmoja akaandikiwa barua ya onyo na serikali yake. Miaka ilipita, wakubwa wa pande zote mbili wakakutana kwenye hoteli, wakakubaliana jambo lilelile, safari hii likaitwa ushirikiano.

Mwaka 2009 kilifunguliwa chumba kimoja cha pamoja, meza moja ndefu, maofisa wetu huku na wao kule, saa za ukutani mbili kwa sababu saa zao na zetu hazifanani, lori likasimama mara moja badala ya mbili, na akina mama wenye vikapu, waliokuwa wakivuka mtoni kwa kujificha huku maji yamewafika kiunoni, wakaandikiwa orodha yao fupi ya mayai, samaki, vitunguu na barafu, vitu ambavyo mtu anavuka navyo kwa kuonyesha kitambulisho tu. Hiyo orodha aliidai mdogo wangu kwa miaka mingi, akaitwa msumbufu na kwao na kwetu, na mama yetu alikuwa ameshafariki ilipotoka.

Julai 2024 ndipo ulipokuja mfumo wa kompyuta wa pande mbili, ambamo mzigo unatangazwa kabla haujaondoka, upande wa pili unauona, unakubali, na geti linainuka lenyewe bila mkono wa mtu, na jambo hili la mkono yeye ndiye aliyelisimamia mpaka mwisho, nilimuuliza kwa nini anawanyima wenzake hata kugusa geti, akanijibu, "Dada, nikiachiwa kufungua peke yangu, leo nitamfungulia shemeji, kesho rafiki wa shemeji, na mwenye nyanya ataoza naye pale nyuma." Kwa hiyo ikawekwa kwamba mzigo uliotangazwa kimakosa unafungwa, na hauwezi kufunguliwa ila kwa vidole viwili kwenye mashine, kimoja cha upande wetu na kimoja cha upande wao, chetu kikiwa chake na chao kikiwa cha Pacha, siku ya uzinduzi watu walipiga makofi, na mimi nilipiga.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992 na wifi yangu, ambaye alikuwa wakala wa forodha, kazi yake kuwatolea wafanyabiashara mizigo yao, na walionana mara ya kwanza dirishani pa marehemu, wifi alipokuja na karatasi za vyerehani akamkuta anazisoma neno kwa neno, akamwambia mbele ya watu, "Wewe karani, huo muhuri unaupiga au unauomba ruhusa?" watu wakacheka, yeye akapiga muhuri, na wiki iliyofuata akatuma wazee kwao. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza binti ambaye ni muuguzi, wa pili binti ambaye ni mwalimu, na wa tatu kijana wa kiume ambaye ni dereva wa lori, ambaye baba yake alimwambia hakuna kupita mbele ya wenzako kwa jina langu, na wajukuu wawili.

Ugonjwa wa figo ulimwanza mwaka 2023, hospitali yetu haina mashine ya kusafisha damu na ya ng'ambo inayo, hivyo kila wiki alivuka daraja kwenda kutibiwa na kurudi, kwenye mlango wa abiria, maofisa wa pande zote wakimwamkia, na aliendelea na kazi mpaka Januari mwaka huu, alipopewa likizo ya ugonjwa, na kwenye nafasi yake katika ile mashine ya vidole hakuwekwa mtu, kwa sababu kila aliyeulizwa alisema Foleni anarudi. Hakurudi, alifariki dunia Jumatano tarehe 5 Machi 2025, alfajiri, katika hospitali ya ng'ambo, mkewe akiwa pembeni yake.

Sasa nieleze kwa nini hamwoni jeneza, maana najua mmeulizana sana huko nyuma na yamesemwa ya kweli na ya uongo. Alipokuwa akienda alikuwa abiria, alipotaka kurudi akawa mzigo, na mzigo lazima utangazwe, lakini ile kamati ya pande mbili iliyoandika orodha ya mizigo, na yeye mwenyewe alikuwemo, iliandika saruji, matairi mabovu, mbuzi walio hai, mbuzi waliochinjwa, wenye ngozi na wasio na ngozi, haikumwandika maiti. Zamani jeneza likifika, ofisa wa zamu alivua kofia na kuinua geti kwa mkono, halikuwahi kuwa jambo la karatasi, na mkono ulipoondolewa hakuna aliyekumbuka mambo mengine ambayo mkono ule ulikuwa ukifanya.

Ijumaa asubuhi gari lilipofika darajani, karani wa upande wa pili, mtu mwenye huruma tele, alitafuta kwenye kompyuta pa kumweka asipate, akaona kwenye samani pana majeneza, akaandika jeneza la mbao, moja, ili apite haraka, gari likapanda mizani, mizani ikasema hili si jeneza tupu, na mfumo ukasema tangazo ni la uongo, ukafunga. Pacha akaja mbio na kandambili, akaweka kidole chake, taa moja ikawaka, wakasubiri ya pili, na ya pili ndiyo hiyo iliyokuwa ndani ya jeneza. Fundi wa kompyuta aliuliza kwa sauti ya chini kama kidole chenyewe si kipo humo humo, wifi yangu akamtazama mpaka yule bwana akaenda kunywa maji.

Mkuu wa kituo chetu, amekaa pale mbele na sare yake, simsemi vibaya, alipiga simu makao makuu, wakamwambia kidole kipya kinaandikishwa na kikao cha nchi mbili, na kikao ni mwisho wa mwezi, akapiga tena, wakamwambia wanalifanyia kazi, akapiga tena, wakamshukuru kwa kupiga. Mimi nilikwenda getini mwenyewe, akaniambia, "Mama, ningekuwa na uwezo wa kuinua chuma hiki ningekiinua," nikamwambia, "Basi baba, shika hapo, nami nishike hapa," na alishika, alishika kweli mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, hakikutikisika, kimefungwa kwenye mota, na nyuma yetu malori ya dawa na vifaranga yalikuwa yakipita njia ya pili, moja baada ya jingine, bila kusimama. Tulipima mlango wa waenda kwa miguu, ule wa vyuma vinavyozunguka, jeneza haliingii. Akatokea mtu, simtaji, akasema kuna njia ya mtoni wanakopita wapitisha magendo, usiku mmoja tu, wifi yangu akamwambia, "Mume wangu sitampitisha mlango wa nyuma."

Siku mbili alikaa pale kwenye gari, kwenye jua, na waliomtunza ni akina mama wauza samaki wa upande wetu, walibeba barafu kwenye vikapu, wakaonyesha vitambulisho, wakavuka, wakarudi, wakavuka tena, barafu haikusumbuliwa hata mara moja, imo kwenye orodha.

Leo asubuhi Pacha alinipigia, simu ikawekwa kwenye spika tusikie wote, akasema, "Dada mkubwa, barafu haitoshi tena, mimi nalala hapa na wewe unajua, kumvusha kunataka vidole viwili lakini kufuta safari na kumrudisha nyuma kunataka changu tu, ninayo nafasi nyumbani kwangu, kando ya kaburi la mama yangu, palipo safi, lakini siwezi kufanya bila neno lako." Niliwatazama ndugu zangu, wakatazama chini, nikamuuliza wifi, aliyekuwa huko huko na Pacha, akasema, "Amua wewe, wifi, mimi nimechoka," nikamwambia Pacha, "Mrudishe." Hivyo ndivyo ilivyo, marehemu anazikwa saa hii nikisoma, huko kwa Pacha, mbele ya mkewe na watoto wake, na anayetaka kwenda kutoa pole baada ya hapa achukue kitambulisho, watu wanavuka vizuri siku hizi, haichukui muda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali zote mbili, hasa wa kitengo cha figo ng'ambo ambao hawakumuuliza hata siku moja ametoka upande gani, dereva wa gari la maiti aliyelala kwenye kiti chake na hakudai kurudishwa, akina mama wa samaki, majirani kwa viti na turubai na kwa kutuvumilia siku zote hizi, madereva, Pacha na mama yake aliyempa nafasi pembeni yake, na wenzake marehemu kazini, mmefanya kazi yenu kama alivyowafundisha, na zaidi ya hapo sijui niwaambie nini.

Nawashukuru pia vijana mliochimba kaburi, mmelichimba vizuri, kina kizuri, kuta zimenyooka, sasa naomba mlifukie kabla giza halijaingia, kwa sababu watoto wanacheza hapa.

Mdogo wangu, pumzika kwa amani huko huko uliko, tumeshindwa kukuleta.