Mama Bofya, Aliyechukia Neno "Tumehama"

Marehemu, ambaye kazini na mtaani alijulikana zaidi kwa jina la Mama Bofya, alizaliwa tarehe 3 Machi 1962 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha matofali. Baba yake alikuwa dereva wa lori, mama yake mshonaji. Alifuatwa na mdogo mmoja tu wa kiume, ndiye anayewasomea haya, na ambaye ameonywa na shemeji yake asimpambe mno marehemu kwa sababu waliokuja wanamjua.

Alianza darasa la kwanza Januari 1969, katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli. Mwaka huohuo likatokea jambo ambalo familia ililicheka miaka yote, lakini yeye hakulicheka hata siku moja. Lori la kuhamia lilipatikana ghafla, wazazi wakahama mchana. Baba alidhani mama amemwambia mtoto. Mama alidhani baba amemwambia. Mtoto akarudi, akakuta kufuli mlangoni na dirisha halina pazia. Akakaa kizingitini, mkoba mapajani, mpaka giza lilipoanza kuingia na baba akaja mbio, roho mkononi. Mtoto hakumkimbilia. Alimwuliza tu, "Mlishindwa hata kumwachia jirani neno?"

Alimaliza sekondari mwaka 1980 na chuo cha uhazili mwaka 1982. Baada ya miaka ya kupiga chapa katika ofisi mbalimbali, Septemba 1996 aliajiriwa na kampuni moja iliyotengeneza lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Aliwekwa kitengo cha maelezo, yaani zile kurasa za mtandaoni zinazomfundisha mtu kuitumia lugha hiyo. Kurasa hizo zimejaa viungo: unabofya neno, unapelekwa ukurasa mwingine wenye ufafanuzi zaidi. Shida ni kwamba kurasa huhamishwa, hubadilishwa majina, hufutwa, na anayezihamisha haoni sababu ya kumwambia mtu. Mwanafunzi wa watu anabofya, anaambiwa ukurasa haupo. Kazi ya marehemu ilikuwa kutafuta ulikokwenda.

Wenzake waliona inatosha kiungo kikifunguka. Yeye alifungua kila kimoja na kuusoma ukurasa mzima, ahakikishe bado unasema kile mwanafunzi alichoahidiwa. Kwa mwendo huo, kazi ilikwenda kinyonga. Mkuu wa kitengo akachoka kusubiri, na mchana mmoja akavielekeza viungo vyote vilivyokufa kwenye ukurasa wa mbele wa kampuni. Ripoti ikatoka safi, kila kiungo kinafunguka. Mkuu akaagiza keki.

"Bosi," marehemu alimwambia mbele ya keki, "mtu kakuuliza choo kiko wapi, wewe unamwonyesha geti?"

"Mama, angalau hajakuta ukuta."

"Afadhali ukuta! Ukuta haumdanganyi."

Hakuigusa keki. Alianza upya, kimoja baada ya kingine, na mkuu hakumsemesha mpaka mwaka ukageuka.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na fundi wa majokofu, mtu mpole ambaye upole wake ulijaribiwa kweli kweli. Walijaliwa watoto wawili. Marehemu alistaafu Juni 2020, mumewe akashukuru, kumbe kashukuru mapema. Kompyuta ilihamia meza ya kulia, na kazi ikaendelea bila mshahara.

"Mama watoto, chakula kinapoa. Nani kakutuma?"

"Hajanituma mtu. Wamehamisha tena sura nzima, baba watoto. Nzima! Hawakuacha hata neno."

Mume alikula peke yake, akifunika sahani ya mkewe kwa sahani nyingine. Si siri kwamba jambo hilo lilimuudhi, na lilimuuma pia.

Februari mwaka huu miguu ya marehemu ilianza kuvimba. Aliahirisha hospitali kwa sababu toleo jipya la lugha lilikuwa linakaribia kutoka, na mumewe alipandisha sauti kwa mara ya kwanza katika ndoa yao. Walipokwenda, daktari aliwaelekeza haraka kliniki ya figo. Wakakuta mlango umefungwa, na karatasi imebandikwa: "Tumehama. Samahani kwa usumbufu."

Marehemu aliketi kizingitini, hoi. Mume akamwuliza mlinzi, akaambiwa kliniki iko nyuma ya wodi ya wazazi, geti la pili, mlango wa bluu. Akamshika mkewe mkono waende. Hakuinuka.

"Niombee kalamu."

"Kalamu ya nini? Miguu imevimba hivyo, unashindana na karatasi?"

"Nyuma yangu kuna mtu anakuja."

Mume alitamani kulia kwa hasira. Aliomba kalamu. Marehemu aliandika njia yote pale chini ya samahani, kwa herufi kubwa, ndipo akakubali kushikwa mkono. Alitibiwa miezi minne kupitia mlango ule wa bluu. Alifariki asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, mumewe akiwa kando ya kitanda.

Ameacha mume, binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu watatu, na mdogo wake.

Wasifu huu ulikwisha kuchapwa. Yanayofuata yameongezwa kwa mkono leo asubuhi.

Ukumbi ulioandikwa kwenye ratiba mliyoshika ulifungwa jana jioni baada ya bomba kupasuka, na kamati ikatuleta hapa. Kamati ilibandika karatasi kwenye lango la kule. Iliandika, "Shughuli imehama." Basi. Mume wa marehemu alipoiona aliomba kalamu. Alipomaliza kuandika hakuondoka. Alibaki langoni na suti yake nyeusi, juani, akimwelekeza kila aliyefika. Mwenyekiti wa kamati akamfuata.

"Shemeji, wewe ndiye mfiwa. Twende ukakae mbele. Watu watauliza njia."

Akajibu bila kugeuka, macho barabarani, "Nyuma yetu kuna mtu anakuja."

Ndiyo sababu tumechelewa kuanza.

Mama Bofya apumzike kwa amani, palepale tunapomweka.