Fabiano wa Muyinga, Fundi Aliyeshuku Kila Chupa

Wasikilizaji wapendwa, mlio shambani, mlio dukani, na mlio jikoni na redio yenu dirishani, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mtu wa Muyinga. Jina lake Fabiano. Kazi yake, fundi wa baiskeli. Amefariki mwezi huu kwa maradhi ya ini, akazikwa kwake kilimani, pembeni ya migomba yake. Fabiano, fundi wa baiskeli, wa Muyinga.

Waliomjua wanajua pia kwamba alishuku kila kitu. Akiletewa urwarwa, ile pombe yetu ya ndizi, alinusa kwanza. Akinunua msumari, aliupinda. "Hata padri akimpa mkono, baba aliangalia ule mwingine umeshika nini," anasema binti yake, Vumilia. "Na yeye mwenyewe alicheka tukimwambia."

Hakuzaliwa hivyo. Fabiano alikulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, upande wa Kasulu. Huko mdogo wake aliugua malaria, na wazazi wakanunua vidonge kwa mchuuzi. Mtoto akafa. Fabiano akaviponda kwa jiwe vidonge vilivyobaki. Vilikuwa chaki. Tangu siku ile, kitu chochote kilichomjia ndani ya chupa au karatasi hakukiamini mpaka amekijaribu.

Alirudi Burundi na mkewe, Emiliana, naye mtoto wa kambi ileile. Wakajenga Muyinga. Fabiano akafungua banda la baiskeli, na ndani ya nyumba akaweka kabati la vifaa, akalipaka rangi ya kijani kwa mkono wake. Kabati lilifungwa kwa ufunguo.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, mnakumbuka petroli ilivyoadimika miaka hii. Baiskeli ikawa gari. Na Muyinga zikaletwa baiskeli za msaada kwa wahudumu wa afya wa vilimani, baiskeli imara zenye breki za mafuta. Breki hizi hazina waya. Zina mrija uliojaa mafuta. Ukibana mkono wa breki, mafuta yanasukuma, gurudumu linashikwa. Hewa ikiingia mrijani, breki inalegea. Hapo fundi lazima aitoe hewa, kwa kusukuma mafuta mapya na bomba la sindano.

Swali ni mafuta gani. Kuna mafuta ya madini, mepesi, yanateleza kama ya cherehani. Na kuna mafuta ya breki za gari. Breki iliyotengenezwa kwa haya haipokei yale. Mipira yake ya ndani inavimba, inalainika, inaachia. Baiskeli za Muyinga zilitaka mafuta ya madini. Narudia: ya madini, si ya gari.

Muyinga hayakupatikana. Yalipatikana Gitega, mtaa wa Nyamugari, kwa Ilyasi, muuza vipuri. Ilyasi aliyapima kutoka kwenye kidumu, akayatia katika chupa nyeusi za dawa ya kikohozi. Chupa zisizo na maandishi, akazituma Muyinga kwa gari la abiria. Fikirini Fabiano alivyozitazama. Alinusa, aliweka tone kwenye kidole, alisugua. Alifanya hivyo muda mrefu, mpaka akamzoea Ilyasi. Ya Ilyasi yalikuwa mazuri sikuzote.

Halafu akaanguka Kasilda.

Kasilda ni mhudumu wa afya. Asubuhi moja alikuwa anateremka kwenda bondeni kumwona mama mjamzito. Akabana breki. Mkono wa breki ukaenda mpaka ukagusa usukani, na baiskeli ikazidi kukimbia. Akaona heri aiingize mtaroni. Mfupa wa bega ukavunjika.

Baiskeli ikaletwa kwa Fabiano. Akaifungua breki. Mipira ilikuwa imevimba kama maharagwe yaliyolala majini. Akakijua kilichotokea. Mafuta ya gari. Na yeye ndiye aliyeyatia, wiki chache nyuma, kutoka kwenye chupa ya Ilyasi. Safari ile hakunusa.

Akaifunga chupa ndani ya kitambaa, akashika njia ya Karuzi kwenda Gitega. Njia nzima alikuwa anamjengea Ilyasi kesi. Kwa nini Ilyasi hucheka sana? Kwa nini hamtazami mteja akimimina? Yale mabati mapya juu ya nyumba yake yametoka wapi? Mtu akishakushuku, hata kikohozi chako ni ushahidi.

Alifika Nyamugari watu wanatoka sala ya alasiri. Majirani walikuwa mbele ya duka.

"Ilyasi, umeniuzia nini?"

"Salama kwanza, baba Vumilia. Ingia, ukae."

"Sikai. Kasilda amevunjika bega. Umeniuzia mafuta ya gari."

"Mi?" Ilyasi aliweka chini alichoshika. "Bon. Latifa, leta maji kwa glasi. Leta mbili."

Latifa ni mke wa Ilyasi. Akaleta. Ilyasi akatia tone la kidumu chake katika glasi ya kwanza. Likaelea juu. Akakoroga, likarudi juu. Katika ya pili akatia tone la chupa ya Fabiano. Likazama, likakorogeka, likapotea majini.

"We unaona? Ya kwangu iko juu. Ya kwako imepotea kwa maji. Chupa ni ya kwangu, lakini yenye iko ndani, hapana."

"Umebadilisha kidumu," akasema Fabiano. "Ulijua nitakuja."

Majirani wakanong'ona. Aliyejibu ni Latifa.

"Shemeji, toka hapa mpaka leo, hii chupa ilikuwa inalala wapi?"

"Kabatini kwangu. Ufunguo tunao mimi na mke wangu tu."

Latifa akamtazama. Fabiano akaondoka bila kuaga.

Ilyasi ametuambia mwenyewe: "Nilisikia aibu, wallahi. Ile wiki kila mtu alikuwa ananusa vitu kwa duka yangu."

Nyumbani Fabiano hakutulia. Alimshuku utingo wa gari. Alimshuku jirani wa juu, halafu wa chini. Mpaka alipofungua kabati mchana mmoja, akaona pale chupa ilipokuwa inasimama rangi ya kijani imekunjamana na kubanduka.

Akafanya kama alivyozoea. Akajaribu. Tone la mafuta ya madini kwenye mlango wa kabati, tone la mafuta ya gari kando yake. Kesho yake la madini likafutika kwa kitambaa, rangi ikabaki nzima. La gari liliondoka na rangi. Basi mafuta ya gari yalimiminwa humu, na yeye mwenyewe humiminia bandani. Hayakutoka Gitega hivyo. Yalimiminwa ndani ya nyumba yake.

Emiliana alikuwa anachambua maharagwe.

"Mama Vumilia, kabatini kumemwagika nini?"

Alichambua kidogo, kisha akausukuma ungo pembeni. Akasema. Siku aliyofagia kabati, chupa ilianguka, mafuta yote yakamwagika. Alikwenda kwa dereva mmoja wa lori, akaomba mafuta ya breki, akaijaza palepale kabatini, mengine yakadondoka. Alidhani mafuta ya breki ni mafuta ya breki.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimwambie nani? Wewe?" akasema Emiliana. "Ningesema imeanguka, ungeuliza nani kaisukuma. Ningesema ni mkono wangu, ungeuliza nani kanituma. Nimeishi na maswali yako tangu kambini. Nikaona heri nijaze chupa."

Fabiano akatoka, akakaa kwenye benchi la banda mikono mitupu, mpaka mbuzi wakarudi. Vumilia anasema hakuwahi kumwona baba yake amekaa bila kazi.

Walikwenda kwa Kasilda pamoja. Fabiano alitaka kusema kosa ni lake peke yake. Emiliana akakataa, akasema lake kwa mdomo wake. Kasilda aliwasikiliza wote wawili, mkono umefungwa shingoni.

"Bega linauma, sitasema haliumi," akawaambia. "Lakini Fabiano, ile breki nilihisi inalegea siku nyingi. Sikuileta. Nilijua utaniuliza nimeichezea nini."

Vumilia anasema neno hilo ndilo lililomvunja baba yake. Chupa ilimwagika, na mwanamke akaogopa kumwambia. Breki ikalegea, na mwanamke wa pili akaogopa kumwambia. Wote walimwogopa mtu yuleyule.

Akarudi Gitega. Alichagua saa ileile, watu wanatoka sala ya alasiri, akasimama palepale mbele ya duka.

"Ilyasi hakunidanganya," akasema, majirani wasikie. "Mafuta yaliharibikia nyumbani kwangu. Nilimsingizia. Ninaomba radhi."

Ilyasi hakumkimbilia. Alimhudumia mteja wake mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Nimesikia. Ukae, unywe chai." Fabiano akakaa. Lakini msidhani mambo yalinyooka siku hiyo. Kwa muda mrefu Ilyasi alikataa kumtumia mafuta kwa gari. Ilimlazimu Fabiano aje mwenyewe, na Latifa ayapime kwenye glasi mbele yake, kila safari.

Je, aliacha kushuku? Hapana. "Alikufa ananusa chupa," anasema Vumilia. "Ila maswali yalipungua. Mama alikuwa anasema tu, leo nimevunja sahani. Na baba anasema, haya."

Kasilda alipona, ingawa bega lake halipandi juu kama zamani. Baiskeli yake aliendelea kuipeleka kwa Fabiano. Wengine waliokuwa wamemkimbia fundi walimwona Kasilda akiteremka bondeni, nao wakarudi.

Siku ya mazishi Ilyasi na Latifa walitoka Gitega. Familia ikamwomba Ilyasi aseme neno. Akasema: "Huyu alinishuku mbele ya majirani yangu. Akakuja kuniomba radhi mbele ya majirani haohao. Ya kwanza, watu wengi wamenifanyia. Ya pili, ni yeye tu."

Kwa Emiliana, kwa Vumilia, kwa ndugu wote wa Muyinga, na kwa marafiki wa Nyamugari, tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu amlaze Fabiano mahali pema.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tusizime redio haraka. Mtazame aliye karibu nawe sasa hivi, mke, mume au mtoto, kisha ujiulize kimyakimya: huyu akimwaga kitu leo, atakuja kuniambia?