Siku Sisi Sote Tuliposahau

Benchi letu lilikuwa Kaloleni, kando ya duka la cherehani, pale barabara inapoteremka kwenda bandarini. Mimi Idd nilikuwa nikiuza kahawa. Mwaka ule magugu yalipofunika ziwa, wenyeji wa benchi walikuwa watatu. Badru tulimwita Hansadi, maana habari za redio alizirudia kama karani wa Bunge. Wabwire alikuwa Daktari, kwa kuwa aliwahi kusukuma machela hospitalini. Wa tatu ni mzee Joram, fundi mstaafu wa meli, tuliyemwita Injini.

Injini alikuwa ameanza kusahau. Si sana. Alitia sukari kikombeni, akatia tena. Lakini asubuhi moja alivaa ovaroli yake ya zamani akaenda kusimama kwenye geti la bandari, akingoja lifunguliwe aingie kazini. Binti yake Selpha, mwalimu kule Ahero, akasema likijirudia jambo hilo atamhamishia kwake. Sisi hatukutaka aende. Basi tukawa tunamfichia. Wabwire alimpitia kwake kila asubuhi na kumrudisha jioni, akidai njia yao ni moja. Injini akisema neno lisilo na kichwa wala miguu, sote tulikubali.

Ndipo akaja Elsie, msichana mpole mwenye mkoba wa kitambaa. Alisema yuko chuo kikuu, anasomea shahada ya pili kwa udhamini, na anachunguza wazee wanaosahau kidogo. Hakumaanisha wendawazimu, alisema, bali mtu anayejivika, anayesalimia watu, ila mambo madogo yanampotea. Alitaka kujua kama watu hao wanaishi kwa raha. Angeomba pia kuongea na jamaa zao. Tukampa ruhusa arudi kesho.

Alipoondoka, Badru alibaki ameduwaa.

— Kumbe kuna watu wanadhaminiwa kuangalia wazee wakisahau? Hii kazi mke wangu amefanya bure miaka yote.

Wabwire akasema chanzo cha kusahau kinajulikana. Nyama ya samaki wetu, mbuta, inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na mgongo wazi. Wazungu wanakula akili, sisi tunakula mifupa, halafu wao ndio wanatuma watu kutupima. Badru akakataa. Ni magugu, alisema: yamezuia upepo wa ziwa, na mawazo huja na upepo. Wabwire akauliza mbona watu wa Awasi wanasahau na hawana ziwa. Badru akafikiri, kisha akasema basi ni vyama vingi. Kichwa cha Mkenya kiliumbwa kubeba chama kimoja, sasa kimejazwa vingine hadi vinamwagika.

Injini alikuwa akisikiliza tu, akinywa kahawa yake. Alipoenda msalani, Wabwire alituinamia.

— Omera, ndugu zangu, huyu msichana akiongea na Selpha, mzee ameenda.

— Samaki mmoja akioza, wote wameoza, Badru akasema. Kwa hivyo kesho sisi wote tuoze.

Hiyo ndiyo ikawa mipango: sisi tujifanye wasahaulifu, msichana ashughulike na sisi, amwache Injini.

Kesho yake Elsie alimtajia kila mmoja maneno machache, kitanda, ndizi, kanisa, mto, kisha akazungumza nao mengine kabla ya kuwataka wayarudie. Wabwire alisema hakumbuki hata moja. Badru alizidisha: alisema jina lake lenyewe linakuja na kwenda. Elsie akamwuliza basi anapenda kufanya nini siku za mapumziko. Badru akajibu mpira, akaanza kusimulia mechi ya Jumapili, na Wabwire, ambaye alikuwa ametoka kudai hajui leo ni siku gani, akamkatiza kwamba bao la pili lilifungwa kwa kichwa, na mguu wa kipa ulikuwa umeteleza upande wa kushoto. Elsie aliangalia chini. Nilimwona akiuma mdomo asicheke.

Ikafika zamu ya Injini. Badru akawahi kusema kwamba huyu yuko sawa kabisa, hana haja ya kuulizwa.

— Hansadi, wacha nijibu mimi, Injini akasema.

Akakiweka kikombe chini.

— Nyathina, mwanangu, mimi nasahau. Ile siku ya geti nilirudi nyumbani nikalia. Wabwire ananipitia kila asubuhi, anasema njia ni moja. Yeye anaishi Nyalenda, upande mwingine kabisa. Hiyo njia moja ni gani?

Wabwire alitazama viatu vyake. Injini akaeleza kwamba Selpha alikwisha kuambiwa yote, na aliyemwambia ni yeye mwenyewe. Alikuwa amemwomba amwache mjini maadamu kuna watu wa kumwangalia, na Selpha amekubali.  Hadi hapo sikujua nilivyokuwa nimeogopa.

Elsie alimwuliza taratibu:

— Na raha, Baba? Unayo?

— Nilikuwa nayo. Hawa walininyang'anya. Siku hizi hawanibishii. Nasema upuuzi, wanasema ndiyo, ndiyo. Miaka yote tumekaa hapa tukigombana. Sasa nakaa na watu wa matanga.

 Elsie akatugeukia, na wala hakuwa na ukali.

— Wazee wangu, mbona hamkumwuliza yeye mwenyewe anataka nini?

 Wabwire akaomba kahawa ilhali kikombe chake kilikuwa kimejaa. Nami nilishughulika na birika ambayo haikuwa na shida yoyote.

Injini akakichukua kikombe chake tena. Alisema mafuriko ya nyanda za Kano husababishwa na viboko: wakiingia majini wote kwa pamoja, ziwa linapanda.

Badru alimtazama, akamtazama Wabwire, akavuta pumzi.

— Injini, huo ni upuuzi mtupu.

— Thibitisha, Injini akasema, akisogea kwenye benchi ili Elsie apate mahali pa kukaa.