Sari ya Valliammal

Basi la kwenda Rameswaram, kisiwa cha hija cha Wahindu, lilipomaliza daraja la Pamban, mzee aliyeketi mbele yangu alifungua mfuko akamwonyesha jirani yake, muuza makombe ya baharini, sari ya kijani.

"Ya mke wangu, Valliammal. Amepooza miguu, hawezi safari. Kaniambia niimwagie maji ya visima vyote ishirini na viwili vya hekalu, wanavyoogea mahujaji."

"Na wewe utaoga?"

"Mimi siamini mambo hayo."

Kwa mtu asiyeamini, alikuwa ameukumbatia mfuko ule kwa nguvu sana.

Muuza makombe alicheka mpaka makombe yakagongana kapuni. "Mzee wangu, mchota maji amwage ndoo ishirini na mbili juu ya nguo tupu? Atadhani umemgeuza dobi! Ivae basi."

"Niivae mimi, na masharubu haya?"

"Jitande mabegani. Maji yakikupata wewe, yamempata na yeye."

"Nani kasema? Miaka arobaini nakula mimi, hajashiba yeye hata siku moja."

"Sasa utarudi umwambie nini? Si anakusubiri?"

 Mzee aliikunja sari upya, pindo kwa pindo.

Basi liliposimama, waliteremka wakibishana kama inafaa kuikamua. Mimi nilikuwa na chungu cha majivu ya mama yangu, nikiyapeleka baharini, na njia ya bahari ilikuwa upande mwingine. Niliwafuata wao kwanza, maana nami nilitaka kujua maji yale yanafika umbali gani.